John Fahey na gitaa lake kavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

John Fahey ni nani?

Mmarekani aliyepiga gitaa kavu peke yake, bila bendi na karibu kila mara bila kuimba. Alizaliwa Washington, D.C., tarehe 28 Februari 1939, akakulia Takoma Park, mji mdogo wa Maryland unaopakana na mji mkuu huo. Alifariki tarehe 22 Februari 2001 mjini Salem, jimbo la Oregon, siku chache kabla ya kutimiza miaka 62.

Vitabu vya muziki humtaja kama baba wa mtindo ulioitwa "American primitive", jina alilolichagua mwenyewe kwa ajili ya wapigaji waliojifunza bila mwalimu. Mimi ningemtambulisha hivi: alikuwa msaka santuri kwanza, mpiga gitaa baadaye. Ukilishika hilo, maswali mengi yanayofuata yanapata majibu.

Alianzaje?

Wazazi wake walipiga piano, kwa hiyo muziki haukuwa mgeni nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa na machungu yake, na ukubwani aliyaandika waziwazi, ila hapa nabaki na gitaa. Mwaka 1952, akiwa na miaka 13, alikwenda kuvua samaki akakutana na Frank Hovington, mpiga gitaa mweusi, akavutiwa. Akanunua gitaa lake la kwanza kwa dola 17 kutoka kwenye katalogi ya Sears Roebuck. Miaka michache baadaye redio ikarusha wimbo wa Bill Monroe, mfalme wa bluegrass (mtindo wa Wazungu wa vijijini), na kijana akaanza kuitafuta santuri ile. Hakuipata dukani. Ikabidi awatafute wenye nazo.

Ndipo akakutana na Dick Spottswood, mkusanyaji santuri wa rika lake. Wawili hao walizoea kwenda kusini na kubisha hodi mlango kwa mlango, wakiuliza kama kuna santuri za zamani zinauzwa. Hizo zilikuwa sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika, zilizorekodiwa miaka ya 1920 na 1930, nyingi zimelala chini ya vitanda na kwenye varanda. Wenyewe walizihesabu kuwa takataka, wakaziuza kwa senti.

Ni kweli alilia aliposikia blues mara ya kwanza?

Ndivyo alivyosimulia mwenyewe, tena mara nyingi. Wakati huo alipenda muziki wa Wazungu wa vijijini tu, na wa watu weusi aliudharau. Siku moja Spottswood akamwekea santuri ya Blind Willie Johnson, mhubiri kipofu wa Texas aliyeimba kwa sauti ya kukwaruza na kutelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi. Fahey alisema ilimtia kichefuchefu. Baadaye wimbo ukawa unamrudia kichwani, akaomba kuusikia tena, na safari hiyo machozi yakamtoka. Alikuwa akiliita tukio hilo wongofu, kama mtu anayeeleza alivyookoka.

Johnson huyo huyo yumo kwenye sahani ya dhahabu iliyorushwa angani na chombo cha Voyager mwaka 1977. Fahey alikuwa ameshamgundua miaka mingi kabla.

Blind Joe Death alikuwa mtu wa kweli?

Hapana. Ni Fahey. Mwaka 1959 alikusanya mshahara wake wa kituo cha mafuta alikokuwa akifanya kazi usiku, akaongeza fedha za kukopa, akatengenezesha nakala 100 za albamu yake ya kwanza. Upande mmoja wa jalada uliandikwa John Fahey, wa pili Blind Joe Death, kana kwamba wapigaji ni wawili na mmoja wao ni mzee kipofu wa Kusini aliyesahaulika. Kisha akaendelea kumtungia mzee huyo maisha: kwenye maelezo ya albamu zilizofuata utakuta kurasa nzima za wasifu wa kubuni, zilizoandikwa kwa lugha ya kisomi yenye mbwembwe ili kuwakejeli wasomi wa muziki wa asili.

Nakala zile hazikuuzika haraka. Aliziuza pale pale kituoni, na kwa maelezo yake nyingine alizichomeka kisirisiri kwenye maduka ya mitumba ili wakusanyaji wa kesho waziokote. Albamu hiyo aliirekodi upya mwaka 1964 na tena 1967, na imeingia kwenye orodha ya mwaka 2010 ya rekodi ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani inazihifadhi kama urithi wa taifa.

Mzungu kujivika sura ya mzee mweusi kipofu! Hilo halina neno?

Lina neno. Hata kabla ya hapo alikuwa amerekodi santuri kwa Joe Bussard, mkusanyaji mwingine, akijiita Blind Thomas na kukwaruza sauti. Watetezi wake husema mlengwa wa mzaha ni wakusanyaji Wazungu, wale walioamini kwamba muziki hauwi wa kweli mpaka mpigaji awe maskini, kipofu na ikiwezekana marehemu. Naliona hilo na nalikubali kwa sehemu. Lakini Fahey aliweza kuvua kinyago jioni akarudi kwao Takoma Park, huku wenye sura hiyo kwa kuzaliwa wakiishi chini ya sheria za ubaguzi. Anayemsikiliza leo ana haki ya kufurahia gitaa na kukunja uso kidogo kwa jalada.

Kinachompunguzia mashtaka, kwangu mimi, ni kwamba hakuishia kuiga. Aliwafuata wenyewe.

Aliwafuata vipi?

Hapa kuna visa viwili na vyote vinastahili nafasi.

Cha kwanza ni cha Bukka White. Mwaka 1963 Fahey alikuwa mwanafunzi Berkeley, California. White alikuwa amerekodi mwaka 1940 wimbo unaoutaja mji wa Aberdeen, Mississippi, kisha akapotea machoni pa watu wa muziki. Fahey na rafiki yake ED Denson wakaandika barua wakiielekeza kwa "Bukka White, mwimbaji mzee wa blues", ichukuliwe posta ya Aberdeen. Anwani ndiyo hiyo tu. Barua ikapita mikono ya watu hadi ikamfikia White mjini Memphis, alikokuwa akiishi na kufanya kazi ya kibarua. Wakaenda, wakamrekodi, na albamu yake ikatoka kwenye Takoma Records, lebo ya santuri ya Fahey mwenyewe. Mzee akarudi jukwaani akasafiri hadi Ulaya.

Cha pili ni cha Skip James. Alirekodi mwaka 1931 nyimbo za ajabu zenye huzuni kavu, zikauzwa kidogo sana, kisha kimya. Mwaka 1964 Fahey, Bill Barth na Henry Vestine walizunguka Mississippi wakiuliza huku na huku mpaka wakamkuta amelazwa hospitali mjini Tunica. Wiki chache baadaye alikuwa jukwaani kwenye tamasha la Newport. Ungetarajia wapendane, lakini wapi. Fahey alimwona James mtu mwenye majivuno na moyo mgumu, akaliandika hilo bila kupaka sukari. Hata hivyo alichukua kwake kitu kikubwa: mpangilio wa nyuzi wa D ya huzuni, ambao nitaueleza mwishoni.

Ni kweli alikuwa msomi?

Ndiyo, ingawa aliwacheka wasomi maisha yake yote. Alisoma falsafa na dini American University, akahamia Berkeley, halafu akasomea shahada ya uzamili ya fasihi simulizi na mila za watu katika chuo cha UCLA, Los Angeles. Tasnifu yake ilimhusu Charley Patton, nguli wa blues wa Mississippi aliyefariki mwaka 1934, na ilichapwa kama kitabu London mwaka 1970. Humo anachambua santuri za Patton noti kwa noti. Aliyemsaidia kazi hiyo ya masikio ni kijana Alan Wilson, aliyekuja Los Angeles kwa ajili hiyo na kukutana na watu ambao aliunda nao bendi ya Canned Heat. Lakabu ya Wilson, "Blind Owl", alimpa Fahey.

Nje ya blues, nani walimwathiri?

Swali hili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu wengi huishia kwenye Mississippi.

Kwanza, kanisa. Fahey alikulia kwenye nyimbo za Kianglikana za Marekani, na karibu kila albamu yake ina wimbo wa kitabuni uliopigwa taratibu, kwa heshima, sauti ya juu ikiimba na besi ikitembea chini. Kwenye albamu ya kwanza kabisa mna wimbo usemao kwamba ndani ya Kristo hakuna mashariki wala magharibi. Muumini yeyote aliyezoea kuimba tenzi atamwelewa hapo hata kama hajawahi kusikia blues.

Pili, muziki wa okestra wa Ulaya na Marekani wa mwanzo wa karne ya 20: Béla Bartók, Charles Ives, Ralph Vaughan Williams. Bartók alizunguka vijijini Hungaria na Romania na mashine ya kurekodi, kisha akazigeuza nyimbo za wakulima kuwa muziki wa aina nyingine kabisa, mkali na wa kisasa. Fahey alifanya vivyo hivyo, isipokuwa okestra yake ilikuwa na nyuzi sita. Kwa Ives alijifunza kugonganisha vitu visivyopatana: wimbo wa dini hapa, maandamano ya beni kule, na msikilizaji atajua mwenyewe pa kusimama.

Tatu, India. Katika miaka ya 1960 alisikiliza raga, na athari yake iko kwenye vipande virefu vinavyoshikilia noti moja ya chini na kuzunguka juu yake kwa dakika kumi na zaidi. Albamu yake ya mwaka 1973, *Fare Forward Voyagers*, ina vipande vitatu tu na aliitabaruku kwa mwalimu wake wa yoga, Swami Satchidananda.

Na kobe. Alipenda kobe tangu utotoni, wamo kwenye majina na majalada yake.

Upigaji wake ukoje?

Kidole gumba ndicho mtambo. Kinapishana kwenye nyuzi nene, chini juu, chini juu, bila kuyumba, huku vidole viwili vikipiga wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Ufundi huo ulikuwa wa wapigaji wa blues wa zamani akina Mississippi John Hurt, hakuuvumbua yeye. Alichobadili ni kazi yake: kwa Hurt gitaa liliisindikiza sauti ya mtu, kwa Fahey sauti ya mtu imeondoka na gitaa linasimulia peke yake. Halafu akapunguza mwendo. Msikilize anavyochelewesha noti, anavyoacha kodi moja ilie mpaka ikaribie kufa ndipo aguse nyingine. Wapigaji wenye vidole vyepesi kuliko vyake walikuwa wengi. Leo Kottke, ambaye Fahey mwenyewe alimtolea albamu, alimpita mbali kwa kasi. Kasi haikuwa shida yake.

Mbona ananikumbusha Mwenda Jean Bosco?

Wasomaji wa Afrika Mashariki na Kongo huuliza hili, na sikio lenu halidanganyi. Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga, Kongo, mzaliwa wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, mwaka ule ule ambao Fahey alinunua gitaa la dola 17. Naye alikuwa mtu mmoja na gitaa moja kavu, lile ambalo wazee wa kwetu waliliita galatoni, kidole gumba kikibeba besi na kidole cha shahada kikiimba juu. "Masanga" yake bado huwatoa jasho wapigaji wa mabara yote.

Lakini hakuna aliyemfundisha mwenziwe. Kila mmoja alitatua peke yake tatizo lile lile la kulifanya gitaa moja lisikike kama mawili. Tofauti kubwa ni shughuli: muziki wa Mwenda ulikuwa wa mjini, wa watu walio hai, unaimbwa kwa Kiswahili cha Katanga na kuchezeka. Fahey hakumchezesha mtu. Mwenda alifika Newport mwaka 1969, kwa hiyo Wamarekani walipata nafasi ya kumsikia ana kwa ana.

Takoma Records ilikuwa lebo ya namna gani?

Ilianza kama jina tu kwenye zile nakala 100. Mwaka 1959 msanii hakuwa na desturi ya kutoa santuri yake mwenyewe. Ulisubiri kampuni ikuite. Fahey hakusubiri, na katika miaka iliyofuata lebo ilipata wasanii wengine: Robbie Basho, Peter Lang, Bukka White, na Leo Kottke ambaye albamu yake ya mwaka 1969 iliuza mamia ya maelfu ya nakala. Mpiga piano George Winston naye alitoa albamu yake ya kwanza hapo mwaka 1972, kabla hajawa maarufu.

Albamu iliyomlipa Fahey mwenyewe ni ile ya Krismasi ya mwaka 1968, iliyopita nakala 100,000. Wazo alilipata dukani alipoona maboksi ya santuri ya Krismasi ya Bing Crosby yakiletwa upya, akagundua kwamba kitu hicho huuzika kila mwaka bila kuchoka. Wapo wanaoona haya kulisema hilo kuhusu msanii wa majaribio. Sioni kwa nini. Mapato ya Krismasi yaliwalipia wengine studio.

Mwaka 1979 Takoma iliuzwa kwa kampuni ya Chrysalis.

Hayo majaribio yako wapi? Mimi nasikia gitaa tamu tu.

Basi hujafika kwenye albamu za 1967 na 1968. Humo anakata kanda na kuziunganisha upya: sauti za treni, vipande vya santuri kuukuu, kelele. Kuna kipande kilichojengwa juu ya mlio wa daraja la Memphis magari yanapopita. Wapenzi wa gitaa tamu walikasirika wakati huo, na walikasirika zaidi miaka ya 1990 aliposhika gitaa la umeme na kuacha mlio mmoja uungurume kwa dakika nyingi. Baadhi ya vipande hivyo vinachosha, nakiri. Vingine vinatisha kwa uzuri.

Mwongozaji wa filamu Antonioni alimwita Roma kutengeneza muziki wa *Zabriskie Point*. Fahey alidai walikosana mezani hadi wakapigana ngumi. Fahey alidai mengi.

Aliishiaje kuwa maskini?

Pombe, kisukari, maradhi ya uchovu yaliyotokana na virusi vya Epstein-Barr, na ndoa zilizovunjika. Alihamia Salem mwaka 1981, na mwishoni mwa muongo huo alikuwa akilala kwenye moteli za bei ya chini na wakati mwingine kwenye nyumba ya misheni ya watu wasio na makazi. Magitaa aliyaweka rehani. Alijikimu kwa kuokota santuri za muziki wa klasiki kwenye maduka ya mitumba na kuziuzia wakusanyaji. Kazi ya ujana ikamrudia uzeeni, safari hii kwa ajili ya chakula.

Alirudi vipi?

Mwaka 1994 Byron Coley aliandika makala ndefu juu yake katika jarida la *Spin*, na mwaka huo huo ukatoka mkusanyiko wa kazi zake. Vijana wa roki ya kelele wakagundua kwamba babu yao yuko hai. Mwaka 1997 alitoa albamu tatu mpya, mojawapo ikitayarishwa na Jim O'Rourke. Baba yake alikuwa amefariki, na kwa fedha za urithi alianzisha pamoja na Dean Blackwood lebo ya Revenant mwaka 1996, ya kutoa upya rekodi zilizosahaulika. Kazi kubwa ya Revenant ni sanduku la nyimbo zote za Charley Patton, lililotoka mwaka 2001 na baadaye kutwaa tuzo tatu za Grammy. Fahey alikuwa ameshafariki baada ya upasuaji wa moyo.

Nianze na albamu gani?

Kama unatoka kwenye nyimbo za dini au rumba ya gitaa kavu, chukua ile ya Krismasi au *The Yellow Princess* ya mwaka 1968. Kama unataka kilele chake, *America* ya mwaka 1971, na usiisikilize ukiwa kwenye daladala. *Womblife* ya mwaka 1997 iache ya mwisho. Kwa waliomfuata, msikilize marehemu Jack Rose, kisha Gwenifer Raymond wa Wales.

Napiga gitaa. Nifanyeje nipate ile sauti?

Utahitaji gitaa la nyuzi za chuma. Anza na "Sligo River Blues", uko kwenye tyuni ya kawaida na kodi ya C, hauna mtego. Ukishazoea gumba lisiyumbe, hamia kwenye tyuni za wazi alizozipenda, ambazo nyuzi hulia kodi nzima bila kubonyezwa. Kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba, ya C ni C, G, C, G, C, E: unalegeza nyuzi tatu nene, uzi wa pili kutoka chini unaukaza nusu hatua, na mbili zilizobaki haziguswi. "Sunflower River Blues" uko hapo. Ya G ni D, G, D, G, B, D, na yote ni ya kulegeza. Ile ya Skip James ni D, A, D, F, A, D. Kwa ya C tumia uzi wa pili mpya. Uzi uliochoka hukatika ukiukaza, na hukatikia usoni.